Jinsi ya kushindilia na kupiga risasi za koni kwenye rivolva ya baruti nyeusi

Nyie ndugu zetu wa Malindi mlioko Brescia na Bergamo mwaniuliza sana hili swali la risasi za koni, na najua latoka wapi. Mtu ameingia renji, au poligono kama wasemavyo wenyewe, na shemeji yake wa Kitaliano, amepewa rivolva ya Remington ya 1858 ya kuiga, ya kiwanda cha Pietta ama Uberti manake hizo zatengenezwa palepale mkoa wa Brescia, amepiga goroli zake, zile risasi za duara, akafurahi na ule moshi, halafu kwenye duka akaona pakiti ya risasi zenye ncha akajiambia aah, hizi ndo zenyewe. Basi azinunua, arudi renji, ajaribu kuzisukuma kama alivyosukuma goroli, na nusu yake hazigusi karatasi ya shabaha kabisa.

Kabla sijaenda mbali, walioko huku nyumbani, Malindi, Watamu, Lamu na kwengineko, hii habari ni ya kusoma tu. Kenya silaha inayotoa risasi yataka cheti kutoka kwa bodi ya leseni za silaha, haijalishi ni ya kisasa ama ni ya baruti ya kushindilia kama magobori ya kina babu, na usifikirie kumbebea mtu baruti kwenye begi la ndege eti zawadi. Na huko Italia pia watu huchanganya. Replika ya risasi moja moja ya kushindilia mtu mzima aweza kununua bila kibali cha silaha, lakini rivolva si ya risasi moja, hiyo yataka kibali, na ukishaifikisha nyumbani una masaa 72 ya kuiandikisha polisi au kwa Karabinieri. Haya.

Goroli ni duara, haina kichwa haina mkia, vyovyote itakavyokaa kwenye tundu la silinda iko sawa. Koni ina mkia. Ikiingia tenge, hata kidogo tu, we hapo nje huoni kitu, leva imeshuka vizuri, silinda yazunguka, kila kitu chaonekana sawa, kumbe ndani imekaa kama kizibo cha chupa kilichopigwa upande, na ikitoka kwenye mtutu yaenda ikiyumba mpaka yapiga karatasi kwa ubavu, waona tundu refu badala ya duara. Kazi yote ya koni ni hiyo moja, iingie wima na ikae wima, na mengine yote nitakayosema hapa yafuata kutoka hapo.

Na uzito nao. Goroli ya .44, namba hiyo ni upana wa mtutu kwa inchi, ina greni 140 hivi, yaani gramu 9, na koni ya kawaida inayotoka kwenye kalibu ya kampuni ya Lee ya bastola hizi ina greni 200, gramu 13. Kwenye .36 goroli ni greni 80 hivi na koni yake ni 130. Kwahivo mshtuko waongezeka, na koni ni ndefu, yakula nafasi ya baruti. Mtu anayeshindilia koni juu ya kipimo kilekile cha goroli huishia na risasi imechomoza mbele ya silinda na silinda haizunguki tena, hapo sasa aanza kuikandamiza na mwili wote mpaka leva ipinde.

Watu hunijibu, mbona kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, askari walitumia koni? Ni kweli walitumia, lakini walikuwa wanapewa katriji za karatasi zimeshatengenezwa, sita kwenye pakiti, baruti na risasi vimeunganishwa, na koni ni rahisi kuigundisha na karatasi kuliko goroli. Ilikuwa mambo ya haraka juu ya farasi, sio mambo ya kutafuta matundu yakae pamoja kwenye karatasi. Mie nnavyoona, kama wapiga mita 25 kwa raha yako, goroli itakupa matokeo mazuri kwa shida ndogo, na koni ni ya mtu ambaye goroli ameshaijua vizuri na sasa ataka kuona bastola yake yaweza nini. Mwanzoni usianze na koni.

Haya, uitazame bastola yako kwanza. Fremu ni ya chuma ama ya shaba ile ya manjano? Kama ni ya shaba acha kabisa habari ya koni, nasema kabisa, shaba ni laini na ule mshtuko wasukuma silinda nyuma ipige fremu, baada ya muda waona alama za duara za nyuma ya silinda zimejichora kwenye shaba, hapo pengo limeshaongezeka na haliponi. Ya shaba ipe goroli na baruti kidogo itakaa na wewe miaka. Kama ni aina ya Colt, ile ya 1851 au 1860 ambayo juu haina daraja la fremu, yaani kile chuma kinachopita juu ya silinda, mtutu washikwa na kabari tu, koni zaipiga ile kabari zaidi, so ukitumia uwe waikagua kila ukimaliza silinda moja. Remington ina daraja juu, ni ngumu zaidi, na ndo nnayoipendelea kwa kazi hii.

Cha pili ni dirisha. Chini ya mtutu, pale unapoingizia risasi upande wa kulia, pamekatwa nafasi, na kwenye bastola nyingi ile nafasi imekatwa kwa kipimo cha goroli. Chukua koni moja, bastola ikiwa tupu kabisa, uione kama yapita hapo ikiwa imesimama wima. Ikikulazimu uiinamishe ili ipite, umeshashindwa kabla hujaanza, kwa sababu itaingia imeinama. Kuna watu huchukua tupa wakakata wenyewe, sipendi, mpe fundi wa silaha, ama tumia kifaa cha kushindilia nje ya bastola ambacho nitakisema mbele.

Cha tatu ni ncha ya kishindilio, kile kichuma kinachoshuka ukivuta leva. Kitazame usoni. Kimechimbwa kama kibakuli, kwa ajili ya goroli, na ule ukingo wake ukikutana na ncha ya koni wakata pete kwenye pua ya risasi, na mbaya zaidi waweza kuisukuma upande mmoja. Pua ya koni na kibakuli lazima vikubaliane. Na tena kuna mambo ya miviringo ndani ya mtutu, goroli yapenda ile inayozunguka polepole na koni yapenda inayozunguka haraka, ile rivolva ya Ruger Old Army iliyotengenezwa 1972 hadi 2008 yazunguka mara moja kwa kila inchi 16 na koni zinaikubali sana. Hili huwezi kulibadilisha ila ujue tu, bastola nyingine hata ufanye nini haitaki koni, na hakuna ugomvi, warudi kwenye goroli.

Sasa risasi yenyewe. Iwe madini laini, risasi safi isiyochanganywa. Ukucha wa dole gumba uweze kuikwaruza na mkwaruzo uonekane. Nasema hivi kwa sababu sisi watu wa pwani twajua kuyeyusha risasi, ukienda kwa wavuvi utakuta mtu ana kopo na moto wa makuti atengeneza chubwi za mshipi, na mtu huona kwamba risasi ni risasi. Siyo. Ile ya betri za gari na ya vile vizani vya ringi za magari ni ngumu, imechanganywa na madini mengine, na kwenye chubwi haina neno lakini kwenye silinda haikubali kukatwa, wavuta leva, wavuta, mwisho skrubu ya leva yakatika. Tena ya betri ni sumu ya wazi, watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa ulioingiwa na sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, hawahitaji kuambiwa na mtu yale madini yafanya nini kwa watoto. Kama huna haja ya kusubu mwenyewe nunua zilizotengenezwa tayari. Ukisubu, uwe nje penye upepo, kalibu iwe moto, maji yawe mbali kabisa manake risasi yayeyuka kwenye digrii 327 na tone moja la maji likiingia humo yaruka usoni, na hicho chombo kisirudi jikoni tena maisha.

Kwenye kalibu nyingi za koni za bastola hizi utaona mkia umepunguzwa, yaani kitako cha chini ni chembamba kidogo kuliko mwili. Hiyo ndo yakuokoa. Kile kitako chaingia ndani ya tundu kwa kidole tu, bila nguvu, na risasi yasimama wima yenyewe kabla leva haijaigusa. Ukiona koni ambazo kitako chake hakiingii kwa kidole, ziache dukani. Halafu ule mwili wa juu uwe mnene kuliko tundu kwa unywele tu, ndo upate ile pete nyembamba inayokatwa kwenye mdomo wa tundu risasi ikiingia kwa kubana. Pima matundu ya silinda yako kwa kalipa, usiamini kilichoandikwa kwenye boksi, .44 ya kiwanda kimoja si sawa na .44 ya kiwanda kingine, na hata matundu sita ya silinda moja hayalingani siku zote.

Kuna jaribio dogo nalipenda sana. Silinda tupu, hakuna baruti, hakuna fataki, yaani kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Weka koni kwa kidole, leta chini ya kishindilio, vuta leva polepole mpaka pete ya risasi ianze kuchomoza kwenye mdomo wa tundu, kisha simama, uichukue ile pete kwa kibanzi na uitazame kwenye mwanga. Ikiwa ni sawa pande zote, nyembamba kama uzi, risasi imeingia wima. Ikiwa upande mmoja ni nene na mwengine imekatika katika au haipo, imeingia tenge. Ukimaliza fungua kichuchu cha nyuma, kile kinachovaa fataki, uitoe ile risasi kwa kijiti cha shaba na nyundo ndogo. Dakika kumi za hivi zakueleza zaidi kuliko siku nzima ya kupiga na kubahatisha.

Mafuta. Koni ina mifereji kiunoni na hiyo mifereji yataka kujazwa mafuta laini, ndo masizi ya baruti yasikauke kwenye mtutu. Usitie grisi ya gari wala ya injini ya boti, mafuta ya petroli yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi yageuka lami, utakwangua mpaka uchoke. Nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, nusu kwa nusu, yeyusha juu ya maji ya moto, chovya, acha ipoe. Shahamu peke yake haifai kwa joto, jaribu kuiacha kwenye baraza ya Malindi mwezi wa Machi saa nane mchana uone, yote yaenda chini. Nta ndo yaishikilia. Nta nzuri ipo hapa hapa kwa wale wafuga nyuki wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ila huko Italia pia hamkosi.

Haya sasa tushindilie. Bastola imekaguliwa iko tupu, futa matundu yawe makavu, kisha weka fataki kwenye vichuchu vyote bila baruti, elekeza mbele kwenye shabaha na uzipige, hii yachoma mafuta yaliyobaki kwenye njia ya moto. Watu huiruka hii halafu risasi ya kwanza haiwaki washangaa. Vuta nyundo nusu ili silinda izunguke bure.

Baruti ni nyeusi peke yake, chembe ndogo za 3F, na kwenye mtutu wako imeandikwa hivo na stempu ya kupimwa ya Gardone Val Trompia ina herufi PN, yaani polvere nera, baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi hata chembe moja usitie, yapasua silinda mkononi, hapa hakuna mzaha. Upime kwa kipimo cha ujazo, na kutoka kwenye chupa kubwa uipeleke kwenye kipimo kwanza ndo uimimine kwenye tundu, usimimine chupa moja kwa moja manake ikibaki cheche ya moto humo ndani chupa nzima yageuka bomu. Kwa koni kwenye .44 ya chuma anzia greni 20, kwenye .36 anzia 15, na ukomo wako ni ule ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, sio ule uliosikia kwa mtu. Kuongeza baruti na koni mara nyingi hakuongezi usahihi, kwaongeza kelele.

Shindilia matano, tundu la sita liwe tupu na nyundo ikae juu ya hilo tupu. Weka koni kwa kidole, tazama kwa pembeni kama imesimama, izungushe chini ya kishindilio, vuta leva taratibu, mkono mmoja mzito usio na papara, mpaka usikie imekalia baruti. Isibaki nafasi ya hewa kati ya risasi na baruti, hiyo ni hatari, na ncha yake isitokeze mbele ya silinda. Nguvu iwe ileile kila tundu. Mdomo wa bastola uwe juu na usielekee usoni mwako wakati wa kushindilia, yaani usijiinamie juu yake kama mtu achungulia chungu.

Kama dirisha halitoshi, toa silinda nje. Kwenye Remington yatoka haraka, washusha leva kidogo, wavuta pini, silinda hiyo mkononi. Kuna kile kifaa cha mezani chenye leva ndefu na kishindilio unachoweza kukibadilisha kikafanana na pua ya koni yako, risasi yaingia wima bila kupita kwenye dirisha lolote, na leva ya bastola yako yapumzika. Kwa koni mimi naona hii ndo njia yenyewe. Ila fataki usizivalishe silinda ikiwa nje, ikidondoka sakafuni na fataki zimevaa yaweza kulia. Fataki ni za mwisho kabisa, silinda imesharudi, mdomo waelekea kwenye shabaha.

Fataki namba 10 au 11, kutegemea vichuchu vyako. Ziingie kwa kubanwa, zikicheza zaanguka au zaacha moto wa jirani uingie, na hapo ndo kuna ile balaa ya tundu zaidi ya moja kuwaka pamoja. Ile balaa huzuiwa na vitu viwili, fataki inayobana nyuma na risasi inayoziba mbele, na ndo maana sikuichoka ile habari ya pete. Watu wengine huweka kizibo cha felti chenye mafuta kati ya baruti na risasi, ni kizuri kwa goroli, kwa koni chala nafasi, amua mwenyewe.

Kupiga sasa. Usishangae risasi zikienda juu kuliko goroli zilivyokwenda, koni ni nzito, yatoka polepole, na mtutu umeshainuka kwa mshtuko kabla risasi haijatoka. Legeza lengo chini, usiguse saiti mpaka umepiga silinda kadhaa. Ukiwa na Colt uinue mdomo juu unapovuta nyundo ili vipande vya fataki vianguke nyuma visiingie kwenye mashine, lakini hata ukiinua uwe bado waelekea mbele ya renji. Na baada ya kila risasi mbili tatu tupia jicho mbele ya silinda, manake mshtuko waweza kuvuta zile koni zilizobaki zitambae mbele kidogo kidogo mpaka silinda ikwame. Zikitambaa ni ndogo kwa matundu yako, acha kuzitumia.

Fataki ikilia na risasi isitoke, usiishushe, usiigeuze kutazama. Iache imeelekea kwenye shabaha dakika nzima, baruti wakati mwingine huwaka imechelewa. Kisha fataki mpya, jaribu tena. Na ukisikia mlio dhaifu wa "pwi" simama hapohapo, huenda risasi imebaki kwenye mtutu na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu wavimba. Toa silinda, pitisha kijiti, uhakikishe.

Kusafisha ni siku hiyohiyo, sio kesho. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewani, na kama waishi karibu na bahari wajua chumvi ilivyo na chuma. Fungua kila kitu, vichuchu pia, tumbukiza kwenye karai la maji ya moto na sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani kwenye silinda na brashi kwenye mtutu, suuza kwa maji ya moto zaidi ili chuma kikauke chenyewe kwa joto, kisha kitambaa. Kwenye mtutu uliopiga koni tazama kama kuna mistari ya kijivu inayong'aa imeganda kwenye miviringo, hiyo ni risasi imejipaka, mafuta yalikuwa machache au madini yalikuwa magumu, itoe kwa brashi ya shaba kabla hujatia mafuta. Mafuta yawe ya mimea au yale ya nta na shahamu, membamba tu. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe tena, kikitoka na rangi ya kahawia rudia maji ya moto.